Trebo Nisiyoisikia

Jumamosi, 5 Juni 1976

Iyunga. Ukumbi uleule, bati lilelile. Nilifika saa tano asubuhi kufunga mitambo, bugi, dansi letu la mchana, linaanza saa nane. Baridi kali. Vidole havishiki nyaya.

Ukumbi huu ni adui yangu. Kuta za saruji, paa la bati, hakuna dari. Besi ikitoka kwenye spika inazunguka humo ndani na kumeza maneno yote ya mwimbaji. Ukipandisha sauti ili maneno yasikike, maiki inapiga mluzi. Kwa hiyo nikafanya kama siku zote. Nikamsimamisha mtu mbele ya maiki, nikapandisha polepole mpaka mluzi ukaanza, kisha nikatafuta kwenye kisanduku changu ni kitufe kipi kinauzima. Hapa Iyunga ni cha tatu. Nikakirudisha nyuma. Besi nikaikata karibu yote. Trebo nikajaza.

Kisanduku nilikiunda mwenyewe mwaka juzi, kwa vipuri vya redio mbovu zinazoletwa kibandani kwangu Mwanjelwa. Vitufe vitano, kila kimoja na fungu lake la sauti, kutoka besi ya chini hadi trebo ya juu kabisa. Vitabuni kinaitwa ikolaiza. Bendi wanakiita kwa jina langu, sanduku la Ambokile. Sijaona bendi nyingine Mbeya yenye kitu kama hicho. Najivunia, na hapa sina wa kumficha.

Watu walijaa. Mwimbaji wetu Kalinga aliimba vizuri. Wasichana wa mbele waliziba masikio kwenye wimbo wa pili. Sijui walikuwa na nini.

Jumanne, 8 Juni

Redio tatu leo. Mbili waya zimekatika, moja mende wametaga ndani.

Salum alikuja kibandani mchana. Ndiye mwenye bendi na ndiye mpiga solo. Babu yake alitoka pwani na biashara ya nguo, yeye anauza vitenge hapahapa sokoni na anapiga gitaa kuliko mtu yeyote ninayemjua. Alikaa kwenye stuli ya wateja, akaniambia gari la kurekodia la redio linazunguka mikoani. Wiki ijayo liko Iringa. Tumepewa nafasi. Nyimbo mbili, siku mbili.

Tumepiga miaka kumi na moja. Watu wanacheza Jumamosi, Jumatatu wamesahau. Wimbo ukiingia kwenye tepu haufi.

Salum akasema, "Wewe utakaa na fundi wao. Wao hawamjui Kalinga. Wewe unamjua."

Nilikubali kabla hajamaliza. Sijawahi kuingia chumba cha kurekodia, lakini sauti ya Kalinga naijua kama njia ya kwangu. Sitaaibika huko.

Nyumbani mke wangu Tusajigwe kanuna. Anasema alisimama mlangoni akaniita mara tatu. Nikamwambia redio ilikuwa inaimba. Haikuwa inaimba.

Jumapili, 13 Juni

Nimekasirika na sitaki kanisa leo.

Jana baada ya mazoezi Kalinga alinifuata nikikunja nyaya. Ni Mhehe wa Ipogolo, miaka ishirini na sita, sauti nzito na laini, mwenyewe mpole. Akanishikia ncha ya waya. Kisha, "Kaka, usinielewe vibaya. Siku hizi sauti yangu inatoka na makali. Nikisema neno lenye s, inakwaruza."

Nikamwambia aimbe, mitambo aniachie mimi.

"Sawa, kaka."

Hiyo sawa yake ndiyo iliyoniudhi. Angebishana ningemjibu. Miaka sita naipanga sauti ile. Alipokuja kwetu hakujua hata kusimama mbele ya maiki.

Niliandika hapa neno upuuzi, nimelikata.

Jumatano, 16 Juni

Basi la Iringa tangu asubuhi. Kisanduku magotini njia nzima. Kondakta alitaka kiende juu ya keria na ngoma, nikakataa. Makambako upepo uliingia kwenye kila ufa wa dirisha. Salum alilala, Kalinga aliimba kwa ndani midomo ikicheza. Sikumsemesha. Bado nina kinyongo.

Tumefikia Ipogolo kwa mama yake Kalinga. Ugali na kunde, moto mzuri jikoni. Ananiita baba ingawa ana umri wa mama yangu. Anaongea taratibu, nusu Kihehe nusu Kiswahili, na mara mbili nilijibu swali ambalo hakuuliza. Walicheka, nikacheka nao.

Kesho saa tatu. Nimejiandaa.

Alhamisi, 17 Juni

Siku mbaya kuliko zote nilizowahi kuwa nazo kazini. Niandike yote.

Chumba kiko mjini juu, jengo la zamani, ndimo walimoshusha mitambo ya gari. Wametundika mablanketi kuta zote na kutandika mikeka. Ukipiga makofi, kofi linafia palepale. Hakuna mwangwi kabisa. Bendi wamekaa chumba hicho. Chumba cha pili, kidogo, ndimo ilimo mashine ya tepu na meza yao ya sauti yenye vitufe.

Fundi wa redio ni mwanamke. Bi Mtweve. Kijana, suruali, penseli nyuma ya sikio. Nilitafuta bwana mkubwa nikamkosa, kumbe ndiye yeye. Akanisalimia vizuri, akasema, "Karibu kiti, fundi. Mwimbaji wako huyu, nipangie unavyotaka, nisikie."

Nikapanga. Niliunga kisanduku changu kwenye maiki ya Kalinga, nikafanya kama Iyunga. Besi chini, cha tatu nyuma, trebo juu. Wakapiga wimbo wa kwanza. Akarudisha tepu. Tukasikiliza mimi, yeye na Kalinga.

Nilisikia safi. Kila neno. Nikageuka nimejaa furaha.

Kalinga alikuwa anatazama chini.

Bi Mtweve akasema, "Trebo imezidi sana, fundi."

Nikamweleza ukumbini bila hiyo maneno hayafiki. Besi inayameza.

"Ni kweli. Lakini hapa hakuna ukumbi. Kule unapigana na bati. Hapa unapigana na nani?"

Akaweka vitufe vyangu vyote vitano katikati, kama vile kisanduku hakipo. Akamwomba Kalinga aimbe ubeti mmoja. Akarudisha tepu. Kwangu mimi ilikuwa kama mtu anaimba ndani ya gunia. Nikamwangalia Kalinga. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeonana na ndugu yake.

Mmoja wetu alikuwa amekosea. Nilibisha. Nilisema spika zao mbovu. Nilipandisha sauti, nina aibu kuliandika hilo. Bi Mtweve alitoa kifaa wanachopimia mashine, kinatoa mlio mmoja na ukizungusha mlio unapanda. Akasema, "Inua mkono mlio ukipotea."

Ulianza chini, mnene. Ukapanda. Ukawa filimbi, ukawa mbu, ukawa uzi. Ukakatika. Nikainua mkono.

Yeye akaendelea kuzungusha.

Mshale wa mashine ulikuwa bado umesimama juu. Kalinga alikuwa amekunja uso wote. Akazungusha tena, Kalinga akaziba masikio kwa vidole. Mimi nilisikia pumzi zangu tu.

Akazima. "Umesimama kando ya spika miaka mingapi?"

"Kumi na moja."

Hakusema pole. Namshukuru kwa hilo.

Nimeelewa sasa. Trebo ya Iyunga haikuwa ya kupigana na bati. Kila mwaka nimeongeza kidogo kwa sababu kila mwaka nimesikia kidogo. Wale wasichana walioziba masikio. Kalinga na s zake. Nimekuwa nawaumiza watu na kujisifu.

Salum alikuwa chumba cha bendi na gitaa. Hajui. Nimemwomba Kalinga asiseme. Amekubali. Naogopa.

Ijumaa, 18 Juni, asubuhi

Nimeamka mapema. Nyuma ya nyumba kuna mti. Nilimwuliza Kalinga kama kuna ndege hapa Ipogolo. Alinitazama, kisha akanyoosha kidole. Mti mzima umejaa chiriku. Midomo wazi, koo zinatetemeka.

Sikusikia hata mmoja.

Nimekaa pale mpaka chai ikapoa. Nilifikiria kupanda basi nirudi. Ningesema naumwa tumbo. Hakuna ambaye angejua.

Sirudi. Kuna wimbo wa pili leo. Nitakaa chumba kile hata kama kazi yangu ni kushika waya. Na nikifika Mbeya nitamwambia Salum mwenyewe, kabla hajaambiwa na mtu.

Kalinga nimemwomba radhi. Nilimwambia alisema kweli Jumamosi na mimi nilimfukuza. Akasema yameisha. Kisha akaenda kumchotea mama yake maji. Kinyongo kimetoka.

Ijumaa, 18 Juni, jioni

Leo nimejifunza kuliko miaka mitano.

Kwanza nilimwambia Bi Mtweve sauti ya Kalinga aipange yeye, nami nitatazama. Hakugusa hata kitufe kimoja. Alikwenda akasogeza maiki. Shubiri moja kutoka mdomoni, kisha kidogo pembeni, ili pumzi ya s ipite kando. Akarudi, akasikiliza, akaenda tena akasogeza upana wa vidole viwili. Basi. Akasema kitufe ni cha mwisho. Ukumbini mimi naanza na vitufe kwa sababu siwezi kuhamisha kuta. Hapa kinachoingia kwenye tepu kinakaa humo, na atakayesikia atasikia sebuleni kwake, mahali nisipopajua.

Hilo neno la sebuleni likanikaa kichwani.

Walirekodi wimbo wa pili. Tukasikiliza kwenye spika zao kubwa. Besi tamu, mpiga besi wetu alikuja mlangoni akacheka kwa raha. Kila mtu aliridhika. Mimi sikuridhika, na safari hii nilijua sababu. Besi naisikia. Chini niko mzima. Na miaka kumi na tano nafungua redio za watu. Najua kilichomo ndani yake. Spika ndogo kama kisosi.

Ninayo moja kwenye mfuko wa vifaa, haikosekani. Nikamwomba Bi Mtweve niiunge kwenye mashine. Alisita, akakubali. Tukasikiliza wimbo uleule kwa kisosi kile.

Besi haikuwepo. Gitaa, ngoma, Kalinga, na chini yao pengo. Salum akauliza kama waya imechomoka.

Bi Mtweve akashika kitufe cha besi apandishe. Nikamwambia hapana, dada. Ukipandisha ya chini kabisa, spika ndogo haina uwezo wa kuitoa, itatetemesha karatasi yake tu. Panda juu ya hapo kidogo. Pale unaposikia kidole kikigusa waya wa gitaa. Mtu akisikia kidole, sikio lake linaitafuta besi lenyewe.

Alinitazama. Akamwambia mpiga besi apige peke yake. Tukatafuta pamoja, mimi na kisosi sikioni, yeye kwenye vitufe. Tukapata. Kidogo tu, hata spika kubwa hazikuonyesha tofauti. Tukarudia wimbo wote kutoka mwanzo.

Kwenye kisosi besi ikatembea. Kila hatua inahesabika.

Bi Mtweve aliandika kwenye daftari lake. Kisha, "Nani alikufundisha hili?"

Nikamwambia redio za watu.

Wimbo wa kwanza tukaurudia nao, kwa mpango huohuo. Tumemaliza saa kumi na moja. Nimechoka vibaya. Sina aibu ya jana. Nina huzuni, na hamu ya kazi, vyote pamoja.

Jumamosi, 19 Juni

Nimemwambia Salum. Ndani ya basi, baada ya Mafinga. Wote walisikia kwa sababu niliongea kwa nguvu, nadhani naongea kwa nguvu siku zote.

Alitazama nje mpaka Makambako. Nilihesabu kona. Kisha akasema Uyole kuna kijana amesomea umeme, labda apewe mitambo, mimi nipumzike. Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliuma zaidi.

Nikamwambia, "Nipe dansi moja. Jumamosi ijayo, Mwanjelwa. Ikiwa watu wataziba masikio, nitambebea kijana huyo kisanduku mwenyewe."

Kalinga akasema kutoka nyuma, "Mpe, bwana Salum."

Akasema sawa. Dansi moja.

Jumanne, 22 Juni

Hospitali. Nilipanga foleni kutoka saa moja. Daktari alinichungulia masikio yote mawili kwa tochi, akaniuliza maswali, akapiga chuma kidogo kinachovuma na kukisogeza huku na huku. Masikio ni safi. Kilichokufa kiko ndani zaidi na hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa. Nisisimame kando ya spika. Nizibe pamba.

Nilimwambia Tusajigwe nilipofika. Sikujua nianzeje, nikamweleza mlio ulivyopanda na mkono wangu. Hakushangaa. Alisema alijua tangu mwaka jana, kwa sababu mtoto wetu Neema akilia chumba cha pili mimi huendelea kuandika. Alifikiri nimechoka naye na mtoto. Mwaka mzima alifikiri hivyo.

Hilo limenipiga kuliko habari ya daktari.

Tulikaa jikoni. Kisha nikamwomba jambo ambalo sikuwahi kumwomba. Nikamwomba aje Jumamosi, akae kwenye mitambo pamoja nami.

Akasema, "Baba Neema, mimi najua nini kuhusu muziki?"

Nikamwambia muziki niachie mimi. Yeye aniambie kinachouma.

Alhamisi, 24 Juni

Nimekifungua kisanduku. Vitufe vinne vya chini nimeviacha. Cha trebo nimekikata nguvu kwa ndani, sasa hata nikikijaza hakifiki nusu ya zamani. Nimechora alama nyekundu pale Tusa aliposema inatosha. Nilitumia redio ya mteja na mahubiri. Tulifanya saa nzima. Anasikia kama paka. Mara ya kwanza alisema "hapo" mahali ambapo mimi sikusikia badiliko lolote. Nikazungusha mbele na nyuma, akasema palepale. Mara tano, palepale.

Nimeamini.

Spika nazo nitazipanga upya. Bi Mtweve alihamisha maiki kabla ya kugusa kitufe. Kwa nini mimi nisihamishe spika? Siwezi kuhamisha kuta, lakini spika nina miguu na mgongo wa kuzihamisha.

Jumamosi, 26 Juni

Ukumbi wa Mwanjelwa tangu saa nne. Nimezitoa spika kwenye kona zilikokaa miaka yote, nikazipandisha juu ya meza, uso kwa watu, mgongo mbali na ukuta. Besi ikapungua yenyewe kabla sijakata chochote. Maiki nimeisogeza nyuma ya spika. Mluzi ukachelewa. Kitufe cha tatu nilikirudisha nusu tu ya kawaida. Nimejilaumu kwa miaka yote ya uvivu.

Meza ya mitambo nimeihamishia katikati ya ukumbi, pamba masikioni. Tusa alikaa kushoto kwangu na kitenge chake cha kanisani, mgongo umenyooka. Alikuwa na hofu. Nami pia.

Salum alipiga kama hanioni. Wimbo wa kwanza Tusa alinigusa kiwiko mara moja. Nikashusha trebo. Akaniangalia akatikisa kichwa kwamba sawa. Wimbo wa tatu watu walijaa, miili inanyonya sauti, maneno yakaanza kuzama. Hilo nililisikia mwenyewe, liko kati ya besi na trebo, ni langu. Nikapandisha cha nne. Yakarudi.

Wimbo wa tano Kalinga aliingia kwenye ule ubeti wenye s nyingi. Niliwatazama wasichana wa mbele. Mikono yao ilikuwa juu, lakini walikuwa wanacheza.

Mwisho Salum alishuka jukwaani, akaja mpaka mezani. Hakuniangalia mimi. Alimsalimia Tusa kwa heshima, akamwuliza, "Shemeji, Jumamosi ijayo Iyunga utakuja?"

Tusa akasema atamwuliza mama amshikie mtoto.

Basi. Kijana wa Uyole hakutajwa. Nilimwambia Salum nitamtafuta kijana huyo mwenyewe, nimfundishe ukumbi, naye anipe masikio yake siku Tusa hawezi. Kazi hii inahitaji watu wawili. Nilipaswa kujua mapema.

Jumatatu, 28 Juni

Redio nne. Nimebandika karatasi mlangoni: gonga kwa nguvu.

Jumapili, 25 Julai

Tumetoka kanisani, tumekula. Tusa anachambua mchele wa jioni kwenye ungo, Neema amelala. Redio iko dirishani.

Walipiga wimbo wetu saa tisa na dakika chache. Hawakututaja vizuri, jina la bendi walilikata nusu. Kisha gitaa la Salum likaingia, na besi nyuma yake, ikitembea kwenye spika ndogo ya nyumbani kwangu.

Kalinga akaanza. Kwangu bado yuko ndani ya gunia. Nilijua atakuwa hivyo. Mkono wangu ulikwenda kwenye kitufe cha trebo wenyewe. Nikaushusha, nikauweka gotini.

Nikamtazama Tusa. Ameacha kuchambua. Vidole vimesimama juu ya mchele, uso umelegea, macho hayako kwenye kitu chochote.

Nikautazama uso ule mpaka wimbo ukaisha. Baadaye wakaingia na habari za mbolea. Tusa akauliza kama nataka chai. Nilimsikia vizuri. Nikasema ndiyo.